Almasi zikilala, nani anailipa Botswana?

Agosti 25, 2025, Rais Duma Boko wa Botswana alitangaza hali ya dharura ya afya ya umma. Hapakuwa na ugonjwa mpya ulioingia nchini. Kilichokwisha ni dawa: za presha, za kisukari, za pumu, za kifua kikuu, za saratani, hadi bandeji na nyuzi za kushonea vidonda. Hospitali zilikuwa zimeshaahirisha upasuaji usio wa haraka. Jeshi likapewa jukumu la kusimamia usambazaji, na Wizara ya Fedha ikatoa pula milioni 250 za kuanzia. Boko alisema wazi kwamba mfumo wa Bohari Kuu ya Dawa umeshindwa kazi, na kwamba serikali ilikuwa inauziwa dawa kwa bei iliyozidi ya kawaida mara tano hadi kumi.

Habari ya namna hiyo ingetoka kwetu, pengine isingedumu wiki moja magazetini. Ilishtua kwa sababu ya ilikotoka. Botswana ndiyo nchi ambayo Januari 2002 ilianza kugawa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bure kwa raia wake, kupitia mpango ulioitwa Masa, ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo kitaifa. Ndiyo nchi inayotajwa kila mkutano wa wachumi ukifika kwenye kipengele cha utawala bora. Makao makuu ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yako Gaborone, na si kwa bahati: Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana, alikuwa miongoni mwa viongozi walioianzisha jumuiya hiyo, safari iliyoanzia kwenye mkutano wa Arusha wa 1979. Nchi yenye sifa hizo inawezaje kukosa bandeji?

Jibu jepesi ni wizi. Tenda za dawa zina watu wa kati, na watu wa kati wanakula. Lakini watu wa kati walikuwepo pia miaka ambayo dawa zilijaa. Kilichobadilika ni kwamba mlipaji ameishiwa, na Botswana kwa karibu miaka 60 imekuwa na mlipaji mmoja tu. Serikali ilijua kukusanya fedha za almasi na kuzitunza kuliko serikali nyingi za bara hili. Kisha ikaachiwa hiyo hiyo kulipa karibu kila kitu.

Hesabu zote zinaanzia kwa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu takriban watu milioni 2.36 kwenye nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 582,000 hivi. Tanzania nayo ilifanya sensa mwaka huo, na mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikutwa na watu milioni 5.38. Wabotswana wote kwa pamoja hawafiki nusu ya mkoa huo. Wastani wa watu wanne kwa kilomita ya mraba nao haueleweshi kitu, maana jangwa la Kalahari limechukua sehemu kubwa ya nchi na watu wamejipanga mashariki kufuata reli ya zamani, kutoka Lobatse kupitia Gaborone, Mahalapye na Palapye mpaka Francistown.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mipango asiyelijua atakosea bajeti yake. Kwa jadi, familia ya Kitswana haina makazi mamoja. Kuna motse, kijijini, penye nyumba ya ukoo na kgotla, yaani baraza la chifu. Kuna masimo, mashambani, ambako watu huhamia msimu wa mvua kulima mtama na mahindi. Kuna moraka, kambi ya ng'ombe, mara nyingi mbali kabisa na kijiji, mahali palipopatikana kisima. Siku hizi yapo na makazi ya nne: chumba cha kupanga Gaborone, au Mogoditshane ambako kodi ni nafuu. Mtu mmoja anataka maji kijijini, kisima kule kambini, kliniki karibu na shamba na barabara ya kuviunganisha vyote. Mwekezaji gani atavuta waya wa umeme kwenda kwenye kaya 40 nyikani akitegemea faida? Hakuna. Waya ukifika, umevutwa na serikali.

Maji ndiyo mfano mzuri zaidi. Mji wa Gaborone ulijengwa kuanzia 1964, karibu na mahali pa kujengea bwawa, kwa sababu makao ya utawala wa Kiingereza yalikuwa Mafeking, nje kabisa ya nchi, na taifa jipya lilihitaji mji mkuu wake. Ulipangiwa watu 20,000 hivi. Sasa wanakaribia robo milioni bila kuhesabu vitongoji. Bwawa hilo lilipokauka 2015, jiji liliponea bomba la kilomita 360 linaloleta maji kutoka bwawa la Letsibogo, kaskazini-mashariki. Bomba lilipopasuka, na lilipasuka mara kwa mara, mitaa mizima ilikaa siku bila tone. Kusukuma maji kilomita 360 kunakula umeme. Umeme wenyewe ulitegemea mtambo wa makaa wa Morupule B, wenye uwezo wa megawati 600 kwenye karatasi, ambao tangu ukabidhiwe umeishi kwa kukarabatiwa huku nchi ikinunua umeme wa nje. Kila kiungo cha mnyororo huo ni shirika la umma linalosubiri ruzuku.

UKIMWI nao uliingia kwenye hesabu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 umri wa kuishi ulikuwa umeanguka kutoka miaka 60 na kitu hadi karibu 50. Dawa za bure ziliurudisha. Gharama yake ni ya kudumu, kwa sababu mtu aliyeanza dawa akiwa na miaka 30 atazihitaji akiwa na 70, na mpaka leo takriban mtu mzima mmoja kati ya watano anaishi na virusi. Huku nyuma uzazi umeshuka, kutoka zaidi ya watoto sita kwa mwanamke miaka ya mwanzo ya 1980 hadi chini ya watatu. Nchi ina wazee zaidi, wagonjwa wa kudumu zaidi, na soko la ndani ambalo kiwanda cha sabuni kinalishibisha kwa wiki chache.

Fedha zenyewe zinaingiaje? Mwamba wa almasi wa Orapa uligunduliwa 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, kwenye ardhi ya Bangwato, watu wa Rais Seretse Khama mwenyewe. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyohamisha haki za madini kutoka kwa makabila kwenda kwa taifa. Huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya nchi hiyo, na ulifanyika kabla hela haijaanza kuonekana. Ungecheleweshwa miaka mitano, Bangwato wangekuwa na mawakili.

Mkataba wa kwanza na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, uliipa serikali asilimia 15. Mwaka 1975 ilirudi mezani ikatoka na asilimia 50, na kampuni hiyo ya ubia ndiyo inayoitwa Debswana leo. Jwaneng, mgodi wenye thamani kubwa kuliko mgodi wowote wa almasi duniani, ulifunguliwa 1982 chini ya mpango huo. Serikali inakula mara tatu. Kwanza mrabaha wa asilimia 10, unaokatwa kwenye thamani ya mauzo. Pili kodi, inayokatwa kwenye faida. Tatu gawio, nusu ya kile kinachobaki. Ukijumlisha, takriban 80 kati ya kila pula 100 za faida ya Debswana zinaishia serikalini.

Mawe yakitoka mgodini huoshwa kwa tindikali na kupelekwa Gaborone, yanakopangwa kwa ukubwa, umbo, rangi na ubora, kisha yanachanganywa na ya migodi ya De Beers ya nchi nyingine na kuuzwa mara kumi kwa mwaka kwa orodha maalumu ya wanunuzi. Mpaka 2013 mauzo hayo yalifanyika London. Botswana iliyahamisha kwa ubishi wa mezani tu. Fungu jingine linachukuliwa na kampuni ya serikali, Okavango Diamond Company, inayouza kwa mnada. Kwa mkataba uliosainiwa Februari 2025, fungu hilo ni asilimia 30 kwa miaka mitano ya mwanzo na 40 kwa mitano inayofuata, na leseni za migodi zilizokuwa ziishe 2029 zimesogezwa hadi 2054.

Nidhamu ya matumizi nayo ilikuwepo, tena ya kuandikwa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Fedha ilijipima kwa hesabu moja: chukua matumizi ya kawaida ya serikali, ondoa ya elimu na afya kwa sababu hayo yanahesabiwa kuwa uwekezaji, gawanya kwa mapato yasiyotokana na madini. Jibu likizidi 1, unakula mtaji. Ziada iliwekwa kwenye Mfuko wa Pula, ulioanzishwa 1994, na mwishoni mwa muongo huo akiba ya fedha za kigeni ilitosha kuagiza bidhaa kwa zaidi ya miaka miwili. Nchi nyingi zinazosifiwa kwa akiba hazifikishi hata miezi sita.

Ila kipimo hicho kilikuwa na matundu mawili, na ndiyo yaliyoivujisha nchi. La kwanza ni kuhesabu kila mshahara wa mwalimu kuwa uwekezaji, hata kama kijana anayemaliza shule hakuti ajira wala ujuzi. Madarasa yaliongezeka, hesabu ikaendelea kusoma vizuri. La pili lina ujanja zaidi. Miongoni mwa "mapato yasiyo ya madini" liko fungu kubwa la Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, SACU, ulioanzishwa 1910 ukiwa na Afrika Kusini kama kiranja wake. Kwa miaka mingi SACU imeleta karibu sawa na almasi, kila moja ikikaribia theluthi ya mapato. Kanuni ya kugawana ushuru wa forodha inaangalia kiasi ambacho kila nchi imenunua kutoka kwa wenzake. Botswana inanunua sana kutoka Afrika Kusini, kuanzia unga na viatu hadi magari, na inanunua kwa pesa za almasi. Kwa hiyo hata hilo fungu linaloitwa si la madini lina vumbi la Jwaneng. Ubaya mwingine ni kwamba malipo hutolewa kwa makisio na kurekebishwa miaka miwili baadaye. Mwaka mbaya unaweza kukukuta umelipwa vizuri, kisha ukadaiwa urudishe wakati huna kitu.

Sasa almasi zimelala. Wateja wa China walipunguza ununuzi, Marekani ambako takriban nusu ya vito vya almasi duniani huuzwa ikajaa mawe ya maabara. Jiwe la maabara hukuzwa kwa wiki chache tu, tabaka juu ya tabaka, kutoka kwenye gesi yenye kaboni. Ni almasi kamili, na sonara bila mashine hawezi kuitofautisha na iliyochimbwa. Bei yake imeporomoka mwaka hadi mwaka. Aliyeumia ni muuzaji wa almasi ya kawaida, ile ya pete ya uchumba ya mtu wa kipato cha kati. Mawe ya ajabu bado yanapata wateja: mgodi wa Karowe, ambao si wa Debswana, ulitoa jiwe la karati 2,492 mwezi Agosti 2024. Lakini nchi hailipi mishahara kwa jiwe moja la kupigia picha.

Angalia mapato yanavyokatika, kwa mpangilio. Mauzo yakipungua, De Beers huwaruhusu wanunuzi kukataa mafungu, mawe yanarundikana, kisha Debswana inapunguza uchimbaji. Uzalishaji wake ulishuka kutoka karati milioni 24.7 mwaka 2023 hadi milioni 17.9 mwaka 2024, na kwa 2025 ikapanga kushuka tena. Gharama hazishuki kwa kasi hiyo, kwa sababu shimo la Jwaneng linahitaji kuondolewa mwamba usio na kitu kwa miaka kabla ya kufikia wenye almasi. Faida inayeyuka kwanza. Hivyo gawio linakufa la kwanza, kodi inafuata, na mrabaha unabaki peke yake kwa sababu unakatwa kwenye mauzo, nayo yameshuka. Ule ulaji wa mara tatu uliokuwa neema wakati wa shibe unageuka kuanguka mara tatu. Uchumi ulisinyaa kwa takriban asilimia 3 mwaka 2024, na nakisi ya bajeti ya 2024/25 ikakaribia asilimia 9 ya pato la taifa.

Hapo ndipo dawa zinapokwisha. Waziri wa Fedha mwenye pengo la ukubwa huo hawezi kugusa mishahara, hasa nchi ambayo serikali ndiyo mwajiri mkubwa kupita wote. Hawezi kugusa pensheni ya wazee. Riba ya deni haisubiri. Anayeweza kusubiri ni msambazaji. Ankara ya siku 30 inakuwa ya siku 90, kisha ya miezi. Agosti 2025 wizara ya afya ilikiri kudaiwa zaidi ya pula bilioni 1 na hospitali binafsi na wauzaji. Msambazaji naye si mjinga: akijua atalipwa mwakani anaingiza riba ya kusubiri kwenye bei ya leo, wasio na mtaji wa kusubiri wanaacha kuomba tenda, na waliobaki wanapanga bei wanayotaka. Ongeza kwamba nchi ya watu milioni 2.36 inaagiza kiasi kidogo, mara nyingi kupitia kampuni za Afrika Kusini, kwa hiyo haina nguvu ya kubishana bei kama waliyo nayo bohari za dawa, MSD ya Tanzania au KEMSA ya Kenya, pamoja na vituko vyao vyote. Ufisadi unapata chumba ndani ya nyumba iliyojengwa na ucheleweshaji. Jeshi linaweza kusafirisha maboksi. Haliwezi kulipa ankara.

Ajira inasimulia habari hiyo hiyo. Debswana inachangia sehemu kubwa ya bajeti ikiwa na wafanyakazi elfu chache tu. Mwanzoni mwa 2024 zaidi ya robo ya nguvu kazi haikuwa na ajira, na kwa vijana ilikuwa zaidi ya theluthi. Serikali ilijaribu kila dawa iliyo kwenye vitabu. Ilisisitiza mawe yakatwe na kung'arishwa Gaborone. Viwanda vikaja, lakini gharama ya kung'arisha jiwe pale ni kubwa kuliko Surat, India, hivyo vinaishi kwa sharti la mkataba na hupunguza watu mara mauzo yakiyumba. Januari 2022 ilipiga marufuku uingizaji wa aina 16 za mboga, kuanzia nyanya hadi vitunguu, ili wakulima wa ndani wapate soko. Wakulima wachache wakubwa wenye visima walipata. Mnunuzi wa Gaborone akalipa bei ya juu, na magendo kwenye mpaka wa Afrika Kusini yakashamiri. Serikali ya Boko imeilegeza. Ng'ombe, fahari ya kila Motswana, walikuwa na nafasi bora zaidi: kwa ajili ya soko la Ulaya kila ng'ombe alimezeshwa kidonge kizito chenye namba ya kielektroniki kinachokaa tumboni mpaka siku ya kuchinjwa, na nchi ikagawanywa kwa nyaya kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Lakini ukiritimba wa usafirishaji wa nyama ulibaki kwa shirika la umma la Lobatse kwa miongo mingi, na wafugaji wakalalamika miaka yote kwamba ng'ambo ya mpaka wangelipwa zaidi.

Yote haya yalifika kwenye sanduku la kura Oktoba 30, 2024. Chama cha BDP, kilichotawala tangu uhuru, kilibaki na viti vinne kati ya 61. UDC cha Boko kilipata 36, BCP 15, BPF viti vitano. Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa kabla hata hesabu haijakamilika, na Novemba 1 Boko akaapishwa. Haraka hiyo inatokana na katiba: Wabotswana hawampigii rais kura moja kwa moja. Kila mgombea ubunge hutangaza anamuunga mkono nani kwa urais, na mwenye wabunge zaidi ya nusu, yaani 31, ndiye rais. Hakuna duru ya pili wala karatasi ya pili.

Afrika nzima ilishangilia, kwa haki. Ila tazama kura zenyewe. UDC ilipata kama asilimia 37. BDP, yenye viti vinne, ilipata asilimia 30. BCP ilipata asilimia 21 ikavuna viti karibu mara nne ya BDP. Waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 1, na zaidi ya asilimia 80 wakajitokeza, maana yake kila jimbo lilikuwa na wapiga kura 14,000 hivi. Kwenye kinyang'anyiro cha vyama vitatu au vinne, mtu anashinda kwa kura chini ya 6,000, na mia chache zikihama kiti kinaondoka. Ni mfumo huo huo uliokuwa unaibeba BDP: mwaka 2014 ilipata asilimia 46 ya kura lakini viti 37 kati ya 57, na haikuona kasoro yoyote. Ilipoteza pia ngome ya Serowe baada ya rais mstaafu Ian Khama, mtoto wa Seretse na chifu wa Bangwato, kugombana na mrithi wake na kuunga mkono BPF. Desturi ya rais kumwachia makamu wake kiti Aprili 1, miezi kama 18 kabla ya uchaguzi, ilifanya kazi kwa utulivu 1998, 2008 na 2018. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozaa ugomvi.

Kwa hiyo sisomi ushindi wa Boko kama mapinduzi ya fikra. Ni kundi la wapiga kura wasio na kazi, kwenye mfumo unaokuza kila mtikisiko. Kilichomng'oa Masisi kinaweza kumng'oa Boko, na ahadi zake zilikuwa nzito: pensheni ya wazee ya pula 1,800 kwa mwezi na kima cha chini cha mshahara cha pula 4,000. Pensheni ilipandishwa kutoka 830 hadi 1,400. Ni nyongeza kubwa kwa mzee wa kijijini, na ni matumizi mengine ya kila mwezi yaliyowekwa mgongoni mwa mlipaji yule yule.

Ndiyo maana mpango wa kununua hisa nyingi za De Beers unanitia wasiwasi. Anglo American, kampuni ya madini yenye asilimia 85 ya De Beers, ilitangaza Mei 2024 kwamba inataka kutoka. Botswana ina 15 zilizobaki, na Boko amesema anataka udhibiti. Hoja yake ina uzito. Anayeendesha mauzo ndiye anayeamua lini mawe yashikiliwe na lini yamwagwe sokoni, na mnunuzi mgeni mwenye haraka ya kurudisha fedha zake anaweza kuharibu bei kwa miaka. Angola nayo imeonyesha nia, na hakuna mtu Gaborone anayetaka kuamka akiwa mbia mdogo wa jirani yake.

Lakini hesabu inakataa. Botswana tayari inachukua 80 kati ya 100 za faida ya Debswana bila kununua chochote. Hatari ya bei ya almasi imeshaibeba karibu yote. Kukopa, au kuchota akiba iliyobaki, ili kununua kampuni ya kuuza bidhaa hiyo hiyo wakati maabara zinaivunja bei, ni kuiongezea hatari ile ile mtaji mpya. Akiba yenyewe si ile ya 1999. Na deni, ambalo kwa miaka mingi sheria iliwekea ukomo wa asilimia 40 ya pato la taifa, lilikuwa limeshaisogelea dari hiyo kufikia 2025. Mifuko ya pensheni, ambayo kanuni mpya zinaitaka irudishe nyumbani sehemu ya fedha ilizowekeza nje, itaonekana mtungi wa karibu wa kuchotea. Hizo ni akiba za walimu na wauguzi. Kura ya turufu juu ya sera ya mauzo inaweza kupatikana kwa mkataba, kama mauzo ya London yalivyohamishwa kwa mkataba. Ningenunua hisa chache za kunipa kiti na sauti, nikaacha nyingine zimfilisi mtu mwingine.

Anayedhani serikali inaweza kushikilia mgodi kwa upendo aende Selebi-Phikwe. Mji huo uliishi kwa shaba na nikeli ya kampuni ya BCL, ambayo serikali iliiokoa mara kadhaa. Oktoba 2016 ilifungwa ghafla na kuwekwa chini ya mfilisi. Zaidi ya watu 5,000 walipoteza kazi, nyumba zikakosa wapangaji, maduka yakafunga. Uamuzi wa kufunga ulikuwa sahihi kihesabu. Kosa lilikuwa miaka iliyotangulia, ambapo kila mtu alijua mawe yanakwisha na hakuna aliyepanga mji ufanye nini baadaye.

Dirisha lililobaki ni kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 14, dhidi ya 16 ya Kenya na 18 ya Tanzania Bara. Kodi ya juu kabisa ya mshahara imekuwa asilimia 25. Raia hajazoea kukamuliwa, na kwa sababu hajakamuliwa hajazoea pia kuuliza ankara ya dawa ilikwenda wapi. Kuna mashirika ya umma yanayoweza kuunganishwa au kuuzwa. Kuna shaba ya Khoemacau, kaskazini-magharibi, inayoingiza fedha bila kuwa almasi. Kuna daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021 juu ya Zambezi, linalopitisha malori ya shaba kutoka Kongo na Zambia kwenda bandari za kusini, na ambalo tozo zake bado hazijatumika ipasavyo. Hakuna hata kimoja kitakachoziba pengo la Jwaneng kwa muhula mmoja. Uchaguzi ujao ni 2029, na mbunge wa UDC atakayerudi kwenye kgotla kuomba zile kura zake 6,000 atakuwa na kazi ambayo mbunge wa BDP hakuwahi kuwa nayo: kuwaeleza wazee, mmoja mmoja akisimama kuuliza, kwa nini safari hii serikali ndiyo inayowaomba wao hela.